Kitasa cha Dhahabu, Msumari wa Uani

Ukianza kujenga Dar es Salaam watu wanakuonya mengi. Nondo zitapanda bei: nilionywa. Fundi atatokomea na hela ya kianzio: nilionywa, na kweli akatokomea, nikaja kumnasa msibani Mbagala, nikashindwa kumdai kwa sababu ndiye aliyekuwa analia kuliko wafiwa. Lakini Kimara nzima hakuna aliyeniambia kwamba kitasa cha mlango kinaweza kumlaza mwanamume mzima kwenye kochi.

Mimi nilikuwa najua kitasa ni kitasa. Mlango wangu wa mbele ulikuwa na kile alichokifunga fundi wa kwanza, cheusi, kinalia kama mbuzi lakini kinafunga. Siku hiyo Mama Nuru katoka arusini Mbezi Beach. Namuuliza, bibi arusi alipendeza? Hakumwona vizuri. Chakula je? Cha kawaida. Anavua viatu huku anautazama mlango wetu kama mzazi anayetazama matokeo ya mtihani.

"Baba Nuru, wenzetu wana vitasa."

"Na sisi tunacho."

"Sisi tuna chuma kimejitokeza mlangoni."

Kumbe ile nyumba ya arusi milango yote ina vishikio vya rangi ya dhahabu, mpaka wa choo. Nikasema dhahabu ya mlangoni haibadilishi shughuli ya ndani ya choo. Hapo ndipo nilipopelekwa kwenye kochi.

Usiku wa pili ikaletwa Unguja. Mama mkwe ni mtu wa Unguja, na ndani ya nyumba hii kila tukibishana Unguja inaitwa kama shahidi. Eti kwao mlango ndio heshima ya mwenye nyumba, umenakshiwa, umepigwa njumu za shaba, ile misumari yenye vichwa vikubwa. Sibishi, ile milango ni mizuri kweli. Lakini zile njumu wazee wanasema asili yake Bara Hindi, ziliwekwa kuzuia tembo wa vita wasisukume mlango kwa kichwa. Unguja hapakuwa na tembo wa vita, ikabaki pambo. Nikamuuliza Mama Nuru, sasa hapa Kimara tembo watatokea wapi?

"Kwani Temboni si hapo juu tu?"

Kuna hoja hazijibiki. Nikaenda kuchukua shuka langu.

Jumamosi nikapanda mwendokasi mpaka Gerezani, nikaingia Kariakoo na silaha yangu mfukoni: sumaku niliyoichomoa kwenye spika mbovu. Mzee mmoja kazini alinifundisha kwamba shaba haishikwi na sumaku. Ukiona imenata, ujue ni chuma kilichopakwa rangi. Nikajiona mjanja. Nilitembea katikati ya mikokoteni kama mpelelezi.

Duka la kwanza, kishikio kinang'aa mpaka najiona meno. Sumaku: paa! Imenata. La pili, paa. La tatu muuzaji akanitazama, akatabasamu, akashusha boksi la juu kabisa. Ukiona muuzaji wa Kariakoo amepanda kiti kukuletea kitu, funga zipu ya mfuko.

"Mzee wangu, wewe ni mtu unayejua vitu. Hii ni Italia."

Kweli boksi limeandikwa Italia, herufi kubwa kama bango. Chini yake, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, kuna maneno yanayosema mtindo tu ndio wa Italia. Hayo nimeyasoma nyumbani, na miwani. Pale dukani niliweka sumaku, haikunata. Nikaiweka tena, ikateleza ikadondoka. Moyo ukasema, shaba hii. Laki moja na themanini elfu. Nikalia, nikaondoka, nikaitwa, nikarudi, tukamaliza kwa laki moja na hamsini na tano na soda juu yake. Soda nilinunua mimi.

Nikupe bure elimu iliyonigharimu. Sumaku hainati kwenye shaba, ndiyo. Lakini kwenye zinki nako hainati! Vitasa vingi vya kung'aa ni mchanganyiko wa zinki uliomiminwa kwenye kalibu, juu ukapakwa ganda la dhahabu. Kinachozitenga ni uzito: shaba ukiishika mkono unashuka, zinki kwa ukubwa uleule ni nyepesi. Mimi mikono yangu ilikuwa inatetemeka kwa bei, nitapimaje uzito?

Na hapo nilikuwa sijaulizwa swali la pili. "Mlango wako wa kushoto au wa kulia?" Wewe unaijua nyumba yako, umeijenga miaka sita, lakini nakuapia, simama Kariakoo uulizwe mlango wako unafunguka kushoto au kulia. Nilifumba macho pale kaunta, nikanyoosha mkono, nikafungua mlango wa hewani, nikaingia. Mteja mwingine akanipisha. Nikasema kulia. Ulikuwa kushoto.

La tatu ni leva. Hapa mtu asiniambie kitu, leva nazijua kwa machungu, kwa sababu kabla ya kujenga nilipanga Manzese. Mwenye nyumba wetu alinunua vitasa vya bei ya chini kwa mkupuo, vya leva mbili, akavifunga vyumba vyote vinane. Kitasa cha namna hiyo ndani kina vibamba, ndizo leva, na ufunguo kazi yake ni kuinua kila kimoja mpaka kimo chake. Leva zikiwa mbili, vimo vya kuchanganya ni vichache, kwa hiyo funguo zinajirudia. Chumba namba 2 kilikuwa kinafungua namba 5, na namba 5 inafungua cha kwangu. Nilirudi siku moja nikamkuta jirani amelala kitandani kwangu, kalewa, ameingia kihalali kabisa kwa ufunguo wake. Tukamwamsha, akatufokea tumeingiaje. Na bado hatujamtaja yule ufunguo malaya, ambaye hana chumba lakini vyote anaingia. Kwa hiyo mlango wa nje dai leva 5, au silinda nzuri. Leva mbili tatu ni za chumbani.

Fundi wa pili akaja Jumapili, anaitwa kwa heshima kwa sababu hajatoroka bado. Akatoboa mlango wangu wa mninga, mninga wenyewe, si ule wa flashi unaolia kama ngoma ukiugonga. Alipomaliza kutoboa akasema, "Bosi, kitasa hiki cha kulia." Akageuza ulimi, kile chuma kinachoingia kwenye fremu, akabadilisha vishikio upande, kikakaa, ila sasa kushusha hakufungui. Unainua. Kila mgeni anashusha, anashusha tena, anasema hodi.

Halafu mtindo! Kishikio chenyewe kimenyooka, ncha yake inatazama nje kama kidole cha mtu mgomvi. Baba mkwe kaja kutusalimia na kanzu yake ya Ijumaa, anapita mlangoni, mfuko wa kanzu ukaingia kwenye ncha. Yeye akaendelea na safari, mfuko ukabaki. Mzee wa watu akasimama sebuleni na upepo ubavuni, sarafu zinadondoka moja moja. Wiki hiyohiyo dera la Mama Nuru. Wenzetu wanaojua huchagua kishikio ambacho ncha yake imekunjwa kurudi mlangoni. Vile vya mviringo navyo havikamati nguo, ila ukitoka kuparua samaki na mikono ina mafuta, utakizungusha mpaka kiama, na bibi mwenye vidole vya baridi yabisi ndiyo basi tena, umemfungia nje.

Ndani ya miezi minne ya jasho la mikono yetu ganda likaanza kubanduka. Chini yake rangi ya sufuria. Mama Nuru akasema hiyo ni dhahabu nyeupe.

Jirani yangu Baba Rehema alinicheka sana. Yeye alinunua kitasa cha kisasa, cha kuweka kidole, hakuna ufunguo. Kina betri nne ndogo kama za rimoti. Tatizo, Baba Rehema anafyatua tofali. Simenti imemlamba vidole mpaka havina mistari, na mistari ndiyo kitasa kinaisoma. Anaweka kidole, kitasa kinalia, kinamkataa. Mke wake anafunguliwa, watoto wanafunguliwa, hausigeli aliyekuja juzi kutoka Singida anafunguliwa. Mwenye nyumba anakaa kwenye tofali zake mwenyewe anasubiri mtu mwenye kidole.

Usiku mmoja usingizi umekata, nikawa nasoma habari za vitasa kwenye simu, kama mgonjwa anayesoma ugonjwa wake. Kumbe London kulikuwa na fundi, Joseph Bramah, kitasa chake kiliwekwa kwenye dirisha la duka mwaka 1790 na ahadi ya gini 200, pesa za zamani za Waingereza, kwa atakayekifungua bila ufunguo. Kikakaa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1851 akatokea Mmarekani, Alfred Charles Hobbs, akakifungua. Ilimchukua kama saa 51, amezigawa kwa siku 16. Nikamsomea Mama Nuru, nikamwambia unaona, kitasa bora ni hicho.

Halafu nikawaza. Mwizi wa huku kwetu ana saa 51? Ana dakika tatu na mtaimbo. Hana habari na leva. Anasukuma fremu, na fremu yangu bamba linalopokea ulimi wa kitasa limeshikwa na skrubu mbili za urefu wa punje ya mchele. Leva 5 zote zinaegemea hapo. Skrubu ya inchi 3 inayopenya fremu mpaka ukutani ni bei ya karanga, lakini nani alishaenda arusini akarudi anasifia skrubu?

Wala wezi wangu hawakufika huko kwenye fremu. Walikuja wakati wa masika, usiku wa mvua, mninga umevimba, mlango wa mbele umekaza hata mimi naufungua kwa bega. Wakapita uani. Mlango wa uani ndio tunaoutumia zaidi sote: watoto, wageni, muuza mkaa, mama mkwe mwenyewe na Unguja yake. Na mlango wa uani, jamani, nilikuwa naufunga kwa msumari wa inchi 4 uliokunjwa. Wameuzungusha tu. Wamebeba mtungi wa gesi, sufuria mbili, na viatu vyangu vya kazini. Na msumari wamebeba.

Asubuhi mjumbe akaja kukagua. Akapiga hodi mlango wa mbele, akashusha kishikio, akashusha tena, mwisho akazunguka uani. Tukamwonyesha jikoni, akaandika. Akatembea mpaka sebuleni, akasimama mbele ya mlango, akainama.

"Hiki kitasa mmenunua wapi?"

Mama Nuru akamweleza kwa kirefu. Mimi nikasema Jumamosi naenda kutafuta kitasa cha mlango wa uani, leva 5, na skrubu ndefu, basi. Mke wangu akanitazama kwa huruma, mtungi hakuna, chai hakuna, akaniuliza:

"Cha rangi gani?"