Mama mkwe alivyonivunia bustani

Wa Dodoma mnanielewa, ukishahamia tu nyumba mpya mke anataka majani mbele ya baraza. Nikaweka majani ya Pemba, yakapendeza kweli, kiangazi kilivyoingia na mgao wa maji juu yakakauka mpaka ukikanyaga yanalia kwacha kwacha. Huku mvua ni milimita 600 hivi kwa mwaka, ikikata mwezi wa nne ndo hadi Desemba, sasa kumwagilia kitu usichokula si kutafutana ubaya na bili?

Jamaa anayeuza miche barabarani akanambia kaka achana na hayo, panda karanga pori. Asili yake Brazil, zinatambaa chini, maua ya njano, hakuna kufyeka kila wiki, na ni jamii ya kunde so naitrojeni zinajitengenezea zenyewe. Kiangazi zinataka maji kidogo ila sio kama yale majani. Basi nikang'oa marehemu wote, Januari mvua imeshika nikachomeka vipando, kila kimoja shibiri moja na mwenzake. Kufika mwezi wa tano uwanja wote kijani na njano, mi jioni nakunywa chai nje kama balozi.

Mwezi wa sita akaja mama mkwe kutoka Kongwa. Mtu wa Kongwa na karanga humwambii kitu, na mwezi wa sita kwao ni kuvuna, sasa kaona karanga zimestawi hivyo, wenye nyumba wameenda kazini hata habari hawana, akatuhurumia. Akachukua jembe.

Narudi jioni nakuta uwanja mweupe, karanga zangu zimelundikwa ukutani mizizi juu, mama kakaa kwenye stuli anachambua mzizi mmoja mmoja, anaona vinundu tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Pole. Karanga zenu zimegoma kuzaa."

Utamwambia nini mama mkwe? Nikasema asante mama kwa kazi. Wife yuko jikoni kajiziba mdomo na kanga, mabega yanacheza tu. Mama akaendelea kunipa moyo, eti nisijisikie vibaya, hata Wazungu walikuja kwao Kongwa 1947 na matrekta na mapesa ya serikali yao, wakamwaga zaidi ya pauni milioni 30 kwenye karanga, 1951 wakafunga virago. "Sembuse wewe na kiuwanja hiki."

Uzuri wa karanga pori kipande cha shina tu kinashika tena kama hakijakauka. Nikasubiri mama alale, nikatoka na tochi ya simu na ndoo, nikawa narudishia kimoja kimoja kimyakimya, udongo mpaka kwenye masikio. Saa nane usiku ndo nimemaliza, kugeuka hivi naona pazia la chumba cha wageni linatikisika.

Asubuhi nampita yuko kwenye simu anaongea na mtu wa kwao, sauti ya chini ila nasikia: "Nakwambia anapanda usiku. Peke yake. Mwezi wa sita!"

Jumapili mchungaji akaja kutusalimia, bila taarifa. Chai kanywa, maandazi kala, ila macho yote dirishani kwenye karanga. Wakati anaaga akaniuliza kwa upole kama sitajali akiuombea na uwanja.