Skafu ya kande

Huku kwetu anayetaka kujifunza kufuma hushauriwa anunue uzi wa rangi moja, aanze na soksi za mtoto. Mimi naupinga ushauri huo. Soksi ina kisigino, na kisigino kimeshawafanya watu wengi ninaowajua wazitupe sindano uvunguni. Mpeni nyuzi mbili, mmoja mweusi na mwingine mweupe ikibidi, afume skafu.

Naishi Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hapa mwezi wa Julai skafu si pambo. Lakini hoja yangu si baridi, ni macho. Ukifuma uzi wa bluu ya sare usiku, huoni kitanzi, huoni safu, unapapasa tu. Ukibadilisha rangi kila baada ya safu mbili, kazi inajihesabu yenyewe: michirizi kumi ni safu ishirini. Na ukikosea, kosa unaliona limekaa kwenye mchirizi upi, unafumua hadi hapo na si zaidi.

Tatizo ni kwamba watu wakisikia rangi zinazopingana wanafikiria nyekundu na kijani. Hizo zinaweza kuwa tofauti kwa jina tu. Skafu yangu ya kwanza niliifuma kwa kijani kibichi na kahawia iliyokolea. Muuzaji sokoni aliniambia, "Chukua mama, hizo zinaendana." Ziliendana kweli, ndiyo balaa lenyewe, ukisimama hatua tatu unaona tope. Siku hizi nikiwa dukani naweka mabonge mawili pamoja, nayapiga picha kwa simu, kisha naiondoa rangi ile picha. Bonge moja likibaki jeusi na jingine jeupe, nalipa. Yakigeuka majivu yote mawili, nayarudisha rafuni.

Mimi nazipenda maruni na rangi ya maziwa, maana skafu ikikamilika inafanana na sufuria ya kande: maharage huku, mahindi kule. Na mfumo ninaoutumia unatoa punje hasa. Anzisha vitanzi 35 kwenye sindano za milimita 5. Fuma kitanzi cha kwanza uzi ukiwa nyuma ya sindano, cha pili uzi ukiwa mbele, hivyo hivyo hadi mwisho. Kwa kuwa vitanzi ni witiri, kila safu inaanza na kuishia vilevile, huna cha kukariri. Ukipotea, tazama kitanzi kinachokukabili: kikiwa na kinundu, uzi nyuma, kikiwa laini, uzi mbele. Basi.

Ila uzi unapouhamisha, upite katikati ya sindano mbili, usipite juu yake. Ukipita juu unazaa kitanzi ambacho hukukitaka, na jioni utajiuliza vitanzi 41 vimetoka wapi. Nimeshafika 44 mimi.

Safu mbili maruni, safu mbili maziwa. Usikate uzi kila unapobadili. Ule unaopumzika uning'inie pembeni, uuchukue zamu yake ikifika bila kuukaza, ukiukaza ukingo unajikunja. Pale rangi zinapokutana utaona madoadoa, rangi ya zamani imechungulia ndani ya mpya. Kuna wanaoyaona hayo ni uchafu, wanafuma safu nzima uzi ukiwa nyuma ili yafichike, angalau upande mmoja. Mimi nayaacha. Bila madoadoa ni michirizi tu kama ya soksi za mpira, na mfumo huu faida yake nyingine ni kwamba pande zote mbili zinavalika, kingo zikitulia bila kujiviringisha.

Gramu 100 za kila rangi zinakupeleka karibu mita moja na nusu. Matamvua shauri yako. Mimi siweki, yananaswa na zipu ya koti.

Mwisho ni pasi. Uzi mwingi tunaouziwa sokoni ni wa akriliki, si sufi, na akriliki ikikutana na moto inalegea, hairudi tena. Mdogo wangu alitaka kunifurahisha, akainyoosha ile skafu yangu ya maruni kabla ya harusi. Punje zote zililala, ikabaki kitambaa kinachong'aa kama plastiki. Nilimwambia, "Asante mdogo wangu," nikavaa mtandio. Sasa nafua kwa maji baridi, nakamua ndani ya taulo, naitandaza kitandani.