Mwana aliyemzidi baba yake miaka miwili

Mfalme Yehoramu wa Yuda alianza kutawala akiwa na miaka 32, akatawala miaka 8, akafa. Jumlisha: 40. Aliyekirithi kiti ni Ahazia, kitinda mimba wake, kwa kuwa kaka zake wote walikuwa wameshauawa na wavamizi. Sasa soma 2 Mambo ya Nyakati 22:2 katika matini ya Kiebrania: Ahazia alianza kutawala akiwa na miaka 42. Mwana kamzidi baba yake miaka miwili, na huyo ndiye wa mwisho kuzaliwa! Kitabu cha 2 Wafalme 8:26 kinasema 22.

Wakosoaji wa Biblia huipenda mifano ya namna hii, na hoja yao si ya kubezwa. Ukihubiriwa kwamba kitabu hakina kosa hata moja, kosa moja latosha kukitia shaka chote: kama umri wa mfalme umekosewa, kaburi tupu utaliaminije? Ndiyo maana baadhi ya watetezi huhangaika. Wapo wanaodai hiyo 42 imehesabiwa tangu ukoo wa Omri, jamaa ya mama yake Ahazia, ulipoanza kutawala. Huwa naona aibu kwa niaba yao. Zipo nakala za kale za Kiyunani na za Kisiria zenye 22. Kuna mnakili aliteleza, basi.

Ninayemwonea huruma ni mtu wa tatu, ambaye pande zote mbili humwita mwoga. Anaiona 42, anakiri ni kosa, na Jumapili yuko ibadani. Husemwa amefumba macho. Lakini waandishi wa Kiyahudi nao walikuwa na 22 katika kitabu kingine walichokinakili kwa mikono ileile. Kusahihisha kungekuwa kazi ya kuchovya kalamu mara moja. Waliiacha 42, karne hata karne. Anayetaka kukudanganya haachi kitu kama hicho peupe.

Mnamo mwaka 170 hivi, mwandishi Mkristo Tatian alizisuka Injili nne zikawa simulizi moja. Hakukuwa tena na haja ya kujiuliza kama kaburini alikwenda Mariamu Magdalene, ambaye Yohana anamtaja peke yake, au wale wanawake watatu wa Marko, wala kama malaika alikuwa mmoja au wawili. Makanisa ya Kisiria yaliisoma kwa vizazi. Kisha, katika karne ya 5, askofu Theodoret akakusanya nakala za simulizi hiyo zaidi ya 200, akaziondoa, akarudisha zile Injili nne pamoja na tofauti zake zote.

Si kila tofauti ni kuteleza kwa kalamu, hilo nakubali. Katika 2 Samweli 24, hasira ya Bwana ndiyo inayomchochea Daudi awahesabu watu. Katika 1 Mambo ya Nyakati 21, ni Shetani. Adhabu ni tauni, wafu ni 70,000. Hapo mnakili hasingiziwi, na anayeamini hana hesabu ya kumwokoa. Wala waliokusanya Maandiko hawakumchagulia. Walimwachia sura zote mbili. Daudi, akiona watu wanavyoanguka, anakiri kosa ni lake, kisha anamuuliza Mungu kondoo hawa wamefanya nini. Swali hilo limo katika vitabu vyote viwili, na hakuna kinacholijibu.