Njegere za Maua, Chagua kwa Pua

Jioni moja ya Julai jirani alisimama kwenye uzio wangu, akavuta pumzi, akauliza, "Mama Neema, leo umechoma udi?" Sikuwa nimechoma chochote. Zilikuwa njegere za maua, zile Waingereza huziita sweet pea, zimetambaa kwenye fito na kamba za katani chini ya dirisha la jikoni.

Mimi nasema wazi: hapa Dodoma, ambako maji tunayapima kwa ndoo, ua lisilonukia kwangu halistahili hata kopo moja la maji. Wauza mbegu hutuvuta kwa picha ya ua kubwa. Lakini mwaka 1699, mtawa Francesco Cupani wa Sicily alipopeleka mbegu hizi Uingereza, ua lilikuwa dogo, la zambarau na wekundu uliokolea, na harufu yake ndiyo iliyowateka watu. Wakuza maua wakaja kutafuta ukubwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 zikatoka aina za Spencer, zenye petali pana za mawimbi, na nyingi kati ya hizo zimepungukiwa harufu. Ndiyo maana natafuta za zamani. Tena ua hili hujichavusha kabla halijafunguka, kwa hiyo mbegu unayovuna hutoa ua lilelile la mama yake. Hununui kila mwaka.

Mara ya kwanza nilipanda Oktoba. Jua la Novemba likazimaliza kabla sijaona hata ua moja, na niliumia sana. Huu ni mmea wa baridi. Siku hizi naloweka mbegu usiku mmoja, napanda mwishoni mwa Aprili mvua zikielekea ukingoni, kwenye samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, ili kipupwe kikiwadia uwe umeshika fito. Chagua aina inayowahi kuchanua, kwa sababu nyingine husubiri mchana mrefu ambao sisi wa karibu na ikweta hatuna.

Maua yachume kila siku, maana mmea ukishafunga maganda huacha kuchanua. Nami huacha maganda machache tu mwishoni, kwa ajili ya mbegu. Na tafadhali, wenye watoto: mbegu hizi ni sumu, zisikaribie njegere za pilau.

Jirani nimemfungia punje 10 kwenye karatasi. Juu yake nimeandika kwa kalamu nyekundu: si chakula, subiri Aprili.