Sanduku Lililotembezwa Venice

Mume wangu, Baba Nasra, alizaliwa na kukulia Mji Mkongwe, Unguja, na kwa sababu hiyo anaamini kwamba hakuna kichochoro duniani kinachoweza kumpoteza. Nalitanguliza hili kwa kuwa ndilo chanzo cha yote yaliyotupata Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, tulikokwenda kupumzika kidogo baada ya semina yake ya Milan kumalizika.

Treni ilitushusha kituo cha Santa Lucia, ambako mtu akitoka nje tu anakutana na Mfereji Mkuu badala ya barabara, kwani magari huishia Piazzale Roma, uwanja ulio ukingoni mwa mji. Abiria wenzetu walipanga foleni kuingia vaporetto, yaani zile boti zinazofanya kazi ya daladala. Mume wangu alisoma bei, yuro 9.50 kwa mtu mmoja kwa dakika 75, akaizidisha mara mbili, akaigeuza kuwa shilingi, kisha akaniambia kwa upole usio wa kawaida yake, "Mama Nasra, sisi tutatembea."

Mji ule una madaraja zaidi ya 400, na karibu yote yana ngazi za kupanda na za kushuka, kwa hiyo magurudumu ya sanduku letu yalitusaidia kidogo sana. Nyumba nazo hazihesabiwi kwa mtaa. Kila moja ya wilaya sita za mji ina hesabu yake, inayozunguka mlango kwa mlango hadi ifike maelfu, na Castello, tulikopanga chumba, inapita 6,000. Tena kichochoro chetu kiliitwa Calle del Forno, jina lililopewa vichochoro vingi vya Venice vilivyokuwa na tanuri la mikate, na inaonekana watu wa mji ule walipenda sana mikate, maana tulipata Calle del Forno moja, tukapata na nyingine, wala hapakuwa na yetu. Ukutani palikuwa na kibao cha njano cha kuelekeza San Marco, uwanja mkuu wa mji, chenye mishale miwili, mmoja ukielekea kulia na mwingine kushoto. Nilishauri tumuulize mtu.

"Tumuulize nini?" alijibu. "Vichochoro ni vichochoro tu. Tukikata kushoto hapa, tumetokea."

Tulikata kushoto, tukatokea majini. Kichochoro kiliishia mferejini bila ukuta wala kizuizi, na sakafu yake ya mawe iliinama kidogo kuelekea maji. Baba Nasra alilisimamisha sanduku, akatoa simu ili aikosoe ramani, na sanduku, ambalo madarajani lilikuwa halitaki kwenda hata kwa kuvutwa, likaondoka lenyewe polepole, likashuka vidato viwili vyenye ukungu wa kijani na kuingia majini. Halikuzama. Lilielea kwa utulivu, mpini wake ukiwa juu. Mume wangu alikuwa ameanza kukunja suruali pale bibi mmoja alipotokeza dirishani na kutupigia kelele huku akitikisa kidole, kwa sababu kuogelea katika mifereji ile ni marufuku na faini yake ni mamia ya yuro.

Venice kila kitu husafirishwa kwa maji, kuanzia matofali hadi wagonjwa na maiti, na wakati huohuo ilipita boti ya mizigo iliyojaa katoni za maji ya kunywa, karatasi za chooni na mashine moja ya kufulia. Baharia aliliopoa sanduku kwa upondo wenye ndoana, akaliweka juu ya ile mashine, akatuonyesha kwa mkono daraja lililokuwa mbele, naye akaendelea na safari yake.

Kwa macho, daraja lilikuwa karibu mno. Kwa miguu ilibidi turudi nyuma, tuzunguke kanisa na kuvuka uwanja uliojaa meza za mkahawa, maana katika mji ule maji yana njia zake na miguu ina njia zake, na mara nyingi hazijuani. Tulipofika darajani, boti ilikuwa inakata kona. Tulipolifikia daraja la pili, sanduku lilikuwa linapita chini yetu, juu ya kiti chake cha enzi, likiipita gondola, ile mashua nyembamba ya kasia, ya wageni ambao kwa nusu saa hiyo walikuwa wamelipa yuro 90. Baba Nasra, pamoja na pumzi kumwishia, hakukosa kusema kwamba angalau lenyewe linatembezwa bure.

Hatimaye boti ilisimama kushusha katoni. Baharia aliisoma anwani yetu, akacheka sana, akatuashiria tupande. Mume wangu alikalia karatasi za chooni kwa heshima zote, nasi tukashushwa hatua chache kutoka mlango ambao, kwa kumbukumbu zangu, tulikuwa tumeshaupita.

Mwenye nyumba alitupa kamba ya kuanikia iliyovuka kichochoro kutoka dirisha hadi dirisha. Nilianika kanzu zote za Baba Nasra, vikoi vyake na kanga zangu, na haukupita muda watalii wakajaa chini wakipiga picha kwa bidii, nadhani wakiamini kwamba hivyo ndivyo wenyeji wa Venice wanavyovaa. Mmoja wao alimwona Baba Nasra amesimama mlangoni, akamuuliza njia ya San Marco. Mume wangu hakusita hata kidogo. Alinyoosha mkono akawaambia wakate kushoto, nao wakamshukuru, wakaondoka na masanduku yao.