Losheni ya jua ni ya kumwaga, si ya kubania

Chupa ninayoitumia sasa ni ya mililita 200. Ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote rafuni, na kwa siku tatu tu imefika nusu. Mwenzangu aliponikuta nikijipaka akauliza kama najipaka au naoga.

Naoga, ndiyo. Maabara inayopima SPF, ile namba ya kinga dhidi ya kuungua na jua, hupaka miligramu 2 za losheni kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Ukiipeleka hesabu hiyo kwenye mwili mzima wa mtu mzima, unapata kama mililita 30 hadi 35 kwa mpako mmoja. Kwa hiyo chupa ya 200 ni mipako sita, basi. Wengi wetu hupaka nusu ya kiasi hicho, au hata robo, kisha tukiungua mabega tunaisingizia losheni.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kwa losheni ya mwili, bei ndogo ni sehemu ya kinga yenyewe. Uso ni mdogo. Ukitaka kuuhonga krimu ya kifahari, shauri yako. Lakini mapaja, mgongo na mikono vinataka losheni nyingi, na kichupa cha bei ya kuuma utakitumia kama manukato: tone hapa, tone pale, kifuniko kinafungwa upesi.

Sasa, rahisi isiwe takataka. Nikiigeuza chupa nitazame nyuma, SPF hainichukulii muda. SPF 30 iliyopakwa sawasawa huzuia takriban asilimia 97 ya UVB, mionzi ya jua inayounguza, na 50 huzuia kama 98. Sikimbilii 50 kwa ajili ya asilimia moja, ingawa nakiri kwamba anayejijua ni mbahili wa kupaka afadhali aichukue, maana atakuwa anaipunguza nguvu mwenyewe.

Ninachokitafuta kwa macho mawili ni kinga ya UVA, mionzi mingine ya jua. SPF hupima hasa kuungua, na kuungua ni kazi ya UVB. UVA huzama ndani zaidi ya ngozi, hupenya hata kioo cha dirisha, na huleta makunyanzi na kukoleza madoa bila kukuonya kwa maumivu. Kwenye bidhaa za Umoja wa Ulaya, herufi UVA ndani ya duara maana yake kinga hiyo imefikia angalau theluthi ya SPF iliyoandikwa. Chupa isiyosema lolote kuhusu UVA siichukui hata ya bure.

Chupa yangu ina vichujio vinne, yaani kemikali za kuzuia mionzi: avobenzoni, oktokrileni, homosaleti na oktisaleti. Ni mchanganyiko wa kawaida wa losheni za bei nafuu, na mimi hauniudhi. Avobenzoni huzuia UVA vizuri sana, ila ina udhaifu: jua lenyewe huivunjavunja. Oktokrileni ndiyo inayoishikilia isisambaratike, kwa hiyo nikiziona pamoja najua aliyeichanganya alijua anachofanya. Nikikuta avobenzoni imewekwa na kichujio kingine, oktinokseti, bila kitu cha kuituliza, nairudisha rafuni, kwa sababu hizo mbili zikipigwa na jua huharibiana.

Oktokrileni nayo ina lake. Ikikaa muda mrefu huzaa benzofenoni kidogo kidogo, kemikali ambayo hakuna anayeitaka kwenye ngozi yake. Kwangu hiyo ni sababu nyingine ya kujipaka bila kubania, chupa isikae: losheni ya msimu uliopita iliyosahaulika kwenye gari lenye joto nenda kaitupe.

Kichujio kinachotisha watu zaidi ni oksibenzoni. Mwaka 2019 na 2020, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa vichujio kadhaa, oksibenzoni, avobenzoni na oktokrileni zikiwemo, huingia kwenye damu kwa kiasi kinachodai uchunguzi zaidi. FDA hiyohiyo ikasema kuingia kwenye damu si ushahidi wa madhara, na watu waendelee kujipaka. Hawaii, kwa kuyahofia matumbawe yake, ilizuia uuzaji wa losheni zenye oksibenzoni au oktinokseti kuanzia 2021. Mimi oksibenzoni naikwepa kwa kuwa mbadala upo, wala sikosi usingizi.

Mtanishauri zinki. Kweli, oksidi ya zinki hukinga UVA na UVB, na ngozi inayowashwa ovyo huivumilia. Lakini zinki ya bei nafuu kwenye ngozi nyeusi ni balaa. Niliwahi kujipaka nikatoka na miguu kama niliyevuka jivu la moto wa jana, na kesho yake nikapaka robo ili nisichekwe. Tumerudi palepale. Weusi wa ngozi ni kinga ya kiasi fulani, hautoshi, na mwenye ualbino hana hata hiyo: kwake losheni inafuatana na mikono mirefu na kofia pana, kila siku.

Lawama zangu kwa chupa hii ni mbili. Alkoholi iko juu mno kwenye orodha. Losheni inakauka upesi, sawa, lakini ukiwa umenyoa miguu asubuhi utaruka. Na mbele wamechora jani kubwa la mshubiri, wakati mshubiri wenyewe umeandikwa mkiani, nyuma ya manukato. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi, na vikishafika chini ya asilimia 1 mtengenezaji huvipanga apendavyo. Lile jani ni pambo.

Halafu kuna shati langu jeupe. Kola ilitoka kwenye kufuliwa na utepe wa rangi ya kutu, nikaongeza dawa ya kung'arishia, doa likakolea. Kumbe avobenzoni hushikana na madini ya chuma yaliyomo kwenye maji. Kungoja losheni ikauke kabla ya kuvaa kunasaidia kiasi.

Kwa kurudia mpako kila saa mbili nikiwa juani, keshokutwa chupa imekwisha. Nitanunua ileile, mbili kwa mpigo, na shati jeupe litabaki kabatini.