Herufi za Msasa na Deni la Maharagwe

Nani alimwambia mke wangu kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa mikono? Mikono ya watoto hawa naijua mimi. Ni ya kuvunja, kumwaga na kupaka uji ukutani. Lakini Mama Baraka alifundisha chekechea kabla ya kujifungua, na akitamka neno la elimu, mimi fundi wa mbao wa hapa Free Area, Nakuru, naitikia tu "ndiyo, mwalimu".

Karo ya muhula ilipotangazwa, uamuzi ulipita bila kura yangu: Baraka, miaka mitano, na Neema, minne, watasomea nyumbani. Nilishangilia, nisiseme uongo. Majirani nimewaona tangu CBC, ule mtaala wa umilisi, ilipoingia madarasa ya chini 2019: mtu katoka kazini usiku, kachoka, anazunguka madukani akiomba katoni kuukuu kwa sababu kesho mtoto lazima apeleke gari alilolitengeneza "mwenyewe". Nikasema heri sisi tutapumua. Kumbe wenzangu wana nafuu, shule yao hufungwa saa tisa. Yangu itafungwaje na mimi nalala ndani yake?

Nimerudi mchana na njaa yangu, nakuta maharagwe yamepangwa sakafuni kumi kumi.

"Chakula kiko wapi?"

"Hiyo ni hesabu, Baba Baraka."

"Na hesabu itaiva saa ngapi?"

Neema akadakia, "Baba, usikanyage ishirini na tatu!"

Hayo ya maharagwe nimesamehe. Ya msasa bado. Kuna mama daktari wa Kiitaliano, Maria Montessori, aliyefungua nyumba ya watoto kule Roma mwaka 1907. Huyo mama aliona afadhali msasa ukatwe herufi na kubandikwa kwenye kibao, mtoto apitishe kidole na kuizoea herufi kabla hajashika kalamu. Ni wazo zuri sana, hasa kwa mtu ambaye hanunui msasa. Mimi ninaununua. Meza ya mteja aliyelipa nusu inangoja kulainishwa, natia mkono kwenye sanduku la vifaa, hola. Msasa wote umekuwa a, e, i, o, u. Nikavizia nibandue "o" peke yake, nimalizie kona moja tu. Baraka akapiga ukunga uliofika barabarani: "Mama! Baba ameiba o!" Mpaka leo vijana wa bodaboda wakiniona wananiuliza kama nimeirudisha.

Haikuishia hapo. Mama huyohuyo wa Roma ana mnara wake wa rangi ya waridi, michemraba 10, mkubwa sentimita 10 kila upande, mdogo sentimita 1. Yote rangi moja, ili mtoto asibabaishwe na kitu kingine ila ukubwa. Mke wangu akaniletea vipimo hivyo kwenye karatasi, na nimegundua kuwa mteja asiyelipa ndiye mwenye masharti mengi. Umewahi kupiga randa mchemraba wa sentimita moja? Ukikohoa umepotea. Nikahangaika nao, nikaupaka rangi, nikauanika, kuku wa jirani akapita akaumeza. Baraka akamfuata kuku yule hadi jioni, na mama yake akaandika kwenye daftari: somo la sayansi.

Wala si huyo pekee. Kabla yake alikuwepo Mjerumani, Friedrich Froebel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo 1837, na yeye pia zana zake ni mipira na vipande vya mbao. Kila anayepata fikira juu ya watoto, kazi inamwangukia seremala. Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba mtoto anaweza kujifunza kwa kutumia vitu vya kinyozi?

Mzee wa mtaa alikuja kuuliza kwa nini watoto hawaonekani njiani na sare. Akanikumbusha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kwamba mzazi ana wajibu wa kumwandikisha mtoto shuleni na kuhakikisha anahudhuria. Nikafurahi moyoni, nikajua mkombozi amefika. Mama Baraka akamweleza kwamba hawa bado wa chekechea, Gredi ya Kwanza ikifika tutazungumza, kisha akamkaribisha chai. Nilipotoka karakana nilimkuta mzee kachuchumaa na Neema, wanamimina siki juu ya magadi ndani ya mlima wa udongo. Ukatoa povu, na mzee akapiga makofi. "Menengai!" akasema, kama ule mlima wetu wa volkano. Sheria akaisahau hapo hapo.

Basi wiki hiyo wakawa wanajifunza ujazo. Maji kutoka kikombe kwenda gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, gorogoro kwenda ndoo, ndoo kwenda kwenye viatu vyangu. Jumamosi nikaenda na Baraka sokoni kurudisha maharagwe ya hesabu, kwa mama wa nafaka anayenikopesha. Sikujua kwamba mtoto amebeba kikombe chake. Akachungulia gorogoro ya yule mama.

"Mama, gorogoro yako ina kitovu ndani."

Kimya. Nikamfinya. Hakufinyika.

"Ya kwetu inakula vikombe kumi. Tujaribu na yako?"

Kina mama waliokuwa nyuma yangu wakasogea. Wa kwanza akasema mtoto aachwe ajaribu, wa pili akashika gunia. Wakahesabu pamoja naye kwa sauti, moja, mbili, tatu, na kikombe cha tisa kilipoanza kumwagika pembeni soko zima lilikuwa limesimama hapo.

Mama wa nafaka hakukasirika. Laiti angekasirika. Alitabasamu, akatoa daftari la madeni chini ya mkeka, akapiga magoti mbele ya Baraka.

"Mwanangu, wewe una akili. Haya, leo tunafanya hesabu. Harage moja ni shilingi kumi. Nipangie deni la baba."

Akamjazia kiganja. Baraka akapanga kumi kumi, kina mama wanahesabu, mimi naangalia mawinguni. Kiganja kikaisha.

"Mama, niongezee," akasema, "deni la baba bado."